Kusafisha Picha: Kitenzi Kimoja, Kazi Mbili

Mpiga picha wa kamera ya mkanda akikwambia ana mikanda ya kusafisha, usidhani imeingia vumbi. Anazungumzia kazi ya gizani, ya kuutia mkanda dawa mpaka picha zitokee. Studio zetu za zamani, kama Capital Art Studio iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930, ziliendeshwa kwa kazi hiyo, na mteja aliyefuata picha zake aliuliza tu kama zimeshasafishwa. Leo wapenzi wa kamera kuukuu wananunua tena Yashica na Zenit na kusafisha wenyewe nyumbani. Kwao kitenzi hiki kimoja hakitoshi, maana kimebeba kazi mbili.

Mkanda hupakwa utando wa jelatini uliojaa chembe ndogo mno za chumvi za fedha, fedha ya madini ile ya vikuku na pete. Ukibonyeza kitufe, mwanga huingia kwa sehemu ndogo ya sekunde na kubadili atomi chache tu za fedha katika kila chembe unayoifikia. Ukiutazama mkanda huo huoni kitu. Hata hivyo picha imo tayari, na jina linaloifaa ni picha fiche. Dawa ya kwanza huzishika chembe zilizoguswa na mwanga na kuzigeuza fedha nyeusi, moja baada ya moja, hadi badiliko lile dogo likuzwe mamilioni ya mara. Kwa hiyo dawa hii inatia weusi, haijaondoa chochote. Inayoondoa ni dawa ya pili: huyeyusha chumvi zote ambazo hazikupata mwanga, ili mkanda ukitolewa nje usiendelee kuwa mweusi. Baada yake mkanda huoshwa kwa maji mengi. Usafishaji wenyewe umo hapo.

Historia nayo inazitenga kazi hizi. Mwaka 1835 Mwingereza William Henry Fox Talbot alipata negativu ya dirisha la nyumba yake, Lacock Abbey, kwa kuiacha karatasi ndani ya kamera mpaka picha ikajitokeza yenyewe kwa nguvu ya mwanga. Mtindo huo ulihitaji muda mrefu kiasi kwamba kumpiga mtu picha ilikuwa kumtesa. Septemba 1840 akagundua kwamba karatasi iliyopata mwanga kidogo, inayoonekana tupu, hutoa picha ikipakwa mchanganyiko wa nitrati ya fedha na asidi ya galiki. Muda wa kupiga ukashuka mara moja, na Februari 1841 akachukua hataza ya njia hiyo, aliyoiita kalotaipu. Huko Ufaransa, Louis Daguerre alikuwa ameshafanya jambo la namna hiyo kwa bamba la shaba lililopakwa fedha na kufukizwa mvuke wa zebaki. Siri yake ilitangazwa hadharani Agosti 1839. Dawa ya pili ilitoka kwa mtu mwingine kabisa. John Herschel aliona tangu mwaka 1819 kwamba sodiamu thaiosalfeti huyeyusha chumvi za fedha, na miaka 20 baadaye akaitumia kuzuia picha zisiharibiwe na mwanga.

Wafaransa huiita dawa ya kwanza révélateur, yaani kifunuzi, na naona wamegusa kiini. Kwa Kiswahili napendelea kuibua kwa dawa ya kwanza, kukaza kwa ya pili, na kusafisha tuliache litaje shughuli nzima kama lilivyozoeleka. Anayefundishwa kwamba mkanda "ulisafishwa vibaya" hajui akosoe nini. Akiambiwa haukuibuliwa vya kutosha, ataangalia joto la dawa na dakika alizoiacha. Akiambiwa haukukazwa, atajua kwa nini una ukungu wa maziwa.

Picha fiche ina subira ya ajabu. Mwaka 1897 Msweden S. A. Andrée na wenzake wawili waliondoka Svalbard kwa puto wakielekea Ncha ya Kaskazini, wakapotea. Mabaki yao yalipatikana kisiwani Kvitøya mwaka 1930, pamoja na mikanda iliyolala barafuni miaka 33. John Hertzberg aliisafisha mjini Stockholm akaokoa picha 93, mojawapo ikiwaonyesha wasafiri wakilitazama puto lililoanguka.

Kwa hiyo ukinunua kamera kuukuu mnadani, usikimbilie kufungua mgongo wake. Zungusha taratibu kitasa cha kurudishia mkanda. Ukihisi kinavuta, ndani mna mkanda. Urudishe wote kwenye kibweta chake, au uutoe gizani kabisa, kisha mpelekee anayejua kuibua mikanda ya zamani na umweleze umri wake unavyoukadiria.