Suheli na Jaa

Kamusi nyingi hulimaliza neno suheli kwa maana moja, kusini, na nyota yenyewe ikabaki nje ya mlango. Suheli ni nyota, tena nyota kubwa: kati ya nyota zote za usiku, Shira (Sirius) peke yake ndiyo inayoishinda kwa mng'aro. Wanafalaki wa Ulaya huiita Canopus. Mwanga wake huchukua miaka 310 hivi kutufikia.

Anayetaka kujua vipi nyota ilipewa upande mzima wa dunia aanzie Ghuba, joto linapokaribia mwisho. Kwa miezi kadhaa Suheli huwa imemezwa na mwangaza wa jua. Halafu, kiasi cha tarehe 24 Agosti, inazuka tena wakati wa alfajiri, chini kabisa upande wa kusini, ikielemea mashariki. Watu wa Oman na Emirati wanakuhesabu kuzuka huko kuwa ndiko kuvunjika kwa joto. Mchana utaendelea kuunguza wiki kadhaa, lakini usiku unaanza kuwa na nafuu. Kalenda ya jadi ya huko, ad-Durur, hufungua mwaka wake kwa nyota hii na kuhesabu siku kwa makumi. Msomaji wa pwani hapo atasimama kidogo, maana kalenda ya wazee wetu, ile ya Nairuzi, nayo ilikwenda kumi kumi, na kila kumi iliitwa muongo. Leo muongo tumeupa miaka kumi. Mkulima na mvuvi wa zamani aliujua kuwa siku kumi.

Aliyeko Oman mwishoni mwa Agosti, na Waswahili huko si wachache, anaweza kuitafuta mwenyewe. Maskati mjini milima itamzuia. Afadhali jangwa la Sharqiyah, penye upeo mtupu upande wa kusini. Atoke saa kumi na moja alfajiri, kabla mashariki haijawa nyeupe. Aitafute Shira kwanza, kusini mashariki, kimo cha ngumi tatu za mkono ulionyooshwa. Kutoka hapo ashuke kuelekea kulia hadi karibu na ardhi. Suheli haitakuwa imetimiza hata ngumi moja juu ya upeo, na haitatulia: itapepesa nyekundu, kijani, nyeupe, tena nyekundu, kwa sababu mwanga unaokuja chini hivyo hupita katika tabaka nene la hewa na kuvurugwa. Pakiwa na vumbi itabidi asubiri siku nyingine.

Unguja mambo ni tofauti kabisa. Wakati huo huo wa Agosti, Suheli inazuka kiasi cha saa nane usiku, na ikifika kati ya safari yake huwa imepanda juu zaidi ya digrii 40. Haina haja ya kuviziwa.

Nyota inayonigusa zaidi ni mwenzake, Jaa. Kwa mabaharia, jaa ni kaskazini, na asili yake ni nyota ya ncha ya kaskazini. Unguja haionekani. Mombasa haionekani. Lamu pia iko chini ya upeo. Pwani yetu iliita upande mmoja wa dunia kwa nyota ambayo mtu hawezi kuiona akiwa nyumbani. Ilimbidi apande jahazi, aivuke ikweta, aambae na pwani ya Banadiri, ndipo Jaa ianze kunyanyuka kutoka majini usiku baada ya usiku. Kimo chake kilipimwa kwa vidole, kila kidole zaidi kidogo ya digrii moja na nusu, na baharia Ahmad ibn Majid wa Julfar aliyaandika mambo haya kwa kirefu katika karne ya 15. Dira ya mabaharia hao ilikuwa na pande 32, nyingi zikiitwa kwa nyota: inapochomoza ni matlai yake, inapotua ni maghibu yake. Matlai tunalo mpaka leo, kwa maana ya mashariki.

Lakini katika kuzipa pande majina, pepo ndizo zilizozishinda nyota. Kaskazini na kusini ni maneno yaliyotoka kwenye pepo za kaskazi na kusi, na ndiyo anayoyajua kila mtoto wa shule, hata wa Kigoma asiyewahi kuona tanga la jahazi. Sidai yarudishwe nyuma. Mkulima naye ana nyota zake, Kilimia, jina lililotoka kwenye kulima, na hilo halijatishiwa na yeyote. Suheli na Jaa ndizo ziko hatarini, kwa sababu mwandishi wa kitabu cha sayansi akikosa neno karibu huandika Kanopasi na kuendelea na kazi.

Ninachoomba kwa watunga kamusi ni vidahizo viwili. Suheli kwa herufi kubwa: nyota angavu ya kusini, ya pili kwa mng'aro. Suheli kwa herufi ndogo: upande wa kusini, katika lugha ya mabaharia. Jaa nayo ipewe hivyo hivyo, na pale kwenye maelezo yake iandikwe wazi kwamba haionekani kusini mwa ikweta.