Kesi ya Medgar Evers: Mississippi, 1963 hadi 1994

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni, 1963, Medgar Evers, katibu wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, katika jimbo la Mississippi, alirejea nyumbani kwake mjini Jackson baada ya saa sita, na aliposhuka garini akiwa amekumbatia mafungu ya fulana za kupinga ubaguzi, alipigwa risasi ya mgongoni iliyompitia mwilini, ikatoboa dirisha la sebule na ukuta wa pili, ikaishia jikoni. Mkewe Myrlie na wanawe watatu walitoka mbio wakamkuta amelala karibu na mlango. Mkubwa wa watoto hao, Darrell Kenyatta, alizaliwa mwaka 1953, mwaka ule ule Mzee Jomo Kenyatta alipohukumiwa kule Kapenguria, na jina alipewa na babake, aliyezifuatilia habari za Kenya kwa shauku kubwa. Bendera ya Kenya ilipopandishwa mwezi wa Desemba, baba huyo alikuwa karibu ametimiza miezi sita kaburini Arlington, alikozikwa kwa heshima ya kijeshi kwa kuwa alipigana Vita Vikuu vya Pili.

Aliyemwua hakuwa kitendawili. Polisi waliiokota bunduki kichakani, na juu ya darubini yake palikuwa na alama ya kidole cha Byron De La Beckwith, muuza mbolea wa Greenwood. Alishtakiwa mara mbili mwaka 1964, mbele ya juri za wanaume weupe watupu, na katika mahakama hiyo Ross Barnett, aliyetoka katika ugavana siku si nyingi, alikwenda akampa mkono mshtakiwa mbele ya macho ya mjane. Mara zote mbili wanajuri walishindwa kuafikiana. Miaka mitatu baadaye mtu huyo aligombea unaibu gavana, akashindwa, lakini bila ya kuona haya.

Kushindwa kuafikiana huko hutajwa aghalabu kuwa ni dalili ya dhuluma, na dhuluma ilikuwapo tele. Lakini mimi naona kwamba hapo ndipo kesi nzima iliposalimika. Kwa sheria ya Marekani, mtu akiisha kuachiliwa na juri hawezi kushtakiwa tena na mahakama za jimbo hilo kwa kosa lile lile, na ndiyo maana wazungu wawili waliomwua kijana mweusi Emmett Till, walipoachiliwa Septemba 1955, waliweza baada ya miezi michache kuuza maungamo yao kwa gazeti na kupokea fedha, wala asiwepo wa kuwagusa. Beckwith hakuachiliwa, na kosa la kuua halina muda wa kwisha. Waliokataa kumwachilia walikuwa wazungu wa Mississippi, nao baada ya kiapo walirudi kuishi na majirani wale wale.

Mwaka 1989 mwandishi Jerry Mitchell wa gazeti la Clarion-Ledger alifichua kwamba tume ya serikali ya jimbo, iliyoundwa mwaka 1956 kuutetea ubaguzi na kuwapeleleza raia, na ambayo faili zake zilifungwa zisisomwe hadi mwaka 2027, iliwasaidia kwa siri mawakili wa Beckwith kuwachunguza watu wa kuingia katika juri. Kesi ikafunguliwa upya, lakini Bobby DeLaughter, naibu wa mwendesha mashtaka, alipoyatafuta mafaili yake hakukuta kumbukumbu za ushahidi wala bunduki. Kumbukumbu zilikuwa kwa Myrlie, aliyetunza nakala yake miaka yote hiyo. Na bunduki ilionekana, ajabu ya maajabu, nyumbani kwa marehemu mkwewe DeLaughter mwenyewe, aliyekuwa jaji na aliyeichukua kama kumbukumbu ya zamani.

Taarifa ya uchunguzi wa maiti nayo ilikuwa imepotea, hivyo mwaka 1991 kaburi lilifukuliwa. Mtoto wa mwisho, Van, alikuwa na umri wa miaka mitatu babake alipouawa. Aliomba kuwapo, na jeneza lilipofunguliwa mwili ulikuwa haujaharibika, hata kijana huyo akamwona kwa macho yake baba ambaye hakubahatika kumkumbuka.

Tarehe 5 Februari, 1994, juri ya Waamerika weusi 8 na weupe 4 ilimtia Beckwith hatiani, naye akafia kifungoni mwaka 2001. Mlango ulikuwa umefunguka kwa mauaji mengine ya zamani ya kibaguzi: Sam Bowers alihukumiwa mwaka 1998 kwa kifo cha Vernon Dahmer, waliolipua kanisa la Birmingham mwaka 2001 na 2002, Edgar Ray Killen tarehe 21 Juni, 2005, siku ilipotimia miaka 41 kamili tangu vijana watatu wauawe Neshoba. Mwaka 2008 ilipitishwa sheria ya kuyachunguza upya mauaji ya namna hiyo, na Wizara ya Sheria ikafungua mafaili zaidi ya 100, mengi yakafungwa tena kwa kuwa washukiwa walikwisha kufa.

Sheria hiyo ilipewa jina la Emmett Till, ambaye Medgar mwenyewe, mwaka 1955, alivaa nguo za wachuma pamba akazunguka mashambani kumtafutia mashahidi. Mwezi wa Juni, 2022, katika ghorofa ya chini ya mahakama ya Greenwood, mji ule ule wa Beckwith, ilipatikana ndani ya sanduku hati ya mwaka 1955 ya kumkamata mwanamke aliyemtuhumu kijana huyo, hati ambayo haikutumika hata siku moja. Juri ya Agosti ilikataa kumshtaki, na mwaka uliofuata akafariki.