Irabu Nusu-Wazi: E ya Kogenda Si E ya Korema

Andika ubaoni maneno mawili ya Ekegusii (lugha ya Wagusii wa Kenya), korema na kogenda, kisha umwombe mzee wa Keroka ayasome. Herufi e ni moja, sauti ni mbili. Kwenye korema, yaani kulima, taya halishuki sana na ulimi umeinuka karibu na pale inapotamkiwa i. Kwenye kogenda, yaani kwenda, taya linashuka na kinywa kinapanuka. E hii ya pili ndiyo wanafonetiki huiandika ɛ, alama waliyoitoa kwenye epsiloni ya Kigiriki. Katika irabu msingi za Daniel Jones ni ya tatu. Ile ya korema ni ya pili.

Kwa Kiswahili tuiiteje? Tukisema "irabu ya mbele, ya wastani" tumetosheka, maana Kiswahili kina irabu tano na e moja tu. Ekegusii kina saba, na hapo wastani ni mbili mbele na mbili nyuma. Wapo wanaosema nusu-juu na nusu-chini. Mimi nachagua nusu-funge na nusu-wazi. Juu na chini hutaja ulimi, nao umejificha. Uwazi wa kinywa mwanafunzi wa Kisii huuona mwenyewe kwenye kioo.

Msemaji wa Kiswahili ana ufunguo wake. Korema ni ndugu wa lima, omote ni mti, koroma ni kuuma, omonto ni mtu. Pale sisi tunapotamka i au u, wao wana e au o nusu-funge. Lakini kogenda ni ndugu wa kwenda, na eng'ombe ni ng'ombe: e na o zetu kwao ni nusu-wazi. Kibantu cha kale kilikuwa na irabu saba. Ekegusii kimezihifadhi zote. Kiswahili kimeziunganisha mbili za juu za mbele zikawa i, na mbili za juu za nyuma zikawa u.

Alama ya muungano huo imebaki mahali ambapo hatuitazamii. Kitu na vitu kwetu vina i ileile, ilhali Mgusii husema egento na ebinto. I ya vitu ilikuwa ile kali ya zamani, iliyo funge kabisa, na ukali wake ndio ulioigeuza b kuwa v. I ya kitu haikuwa na nguvu hiyo, k ikasalimika. Kila tunaposema vitu, tunatamka konsonanti iliyozaliwa na tofauti tuliyoipoteza.

Gĩkũyũ kimelitatua jambo hili kwa maandishi: mũtĩ hubeba mawimbi yake juu ya herufi. Ekegusii huandika e tupu na kumwachia msomaji sikio lake. Mtoto wa Nyamira aliyekulia Nairobi, aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, hana sikio hilo. Atazisoma e zote kwa e moja aliyofundishwa. Kwa ajili yake ningependa kila kamusi ya Ekegusii iandike ɛ kwenye mabano kando ya kogenda, na kuiacha e ya korema ilivyo.