Zinki yaokoa mpunga katika majaruba yenye maji yaliyotuama

MKULIMA anayeona miche ya mpunga ikidumaa majuma mawili au matatu baada ya kupandikizwa, huku majani ya chini yakijaa madoa ya rangi ya kutu, kwa kawaida hudhani ama ugonjwa umeingia jarubani, ama mbolea haikutosha. Penye maji yasiyo na njia ya kutoka, dhana zote mbili huweza kumgharimu mavuno ya msimu mzima.

Ndivyo ilivyokuwa katika ukanda wa Tarai, chini ya milima ya Himalaya kaskazini mwa India, ambako hali hiyo huitwa Khaira. Mwaka 1966, Y. L. Nene, mtaalamu wa magonjwa ya mimea katika chuo kikuu cha kilimo cha Pantnagar, alibaini kuwa chanzo si kimelea, bali upungufu wa zinki. Mwaka 1969 wanasayansi wa Kijapani, Yoshida na Tanaka, walieleza upungufu huohuo katika udongo wenye chokaa nyingi.

Ajabu ni kwamba zinki mara nyingi imo udongoni. Maji yakituama muda mrefu, oksijeni huisha, baikaboneti huongezeka, na zinki hugeuka kuwa michanganyiko isiyoyeyuka. Mizizi hukaa katikati ya chakula ambacho haiwezi kukila. Kuongeza mbolea ya fosfeti hapo huzidisha tatizo.

Kipimo kilichozoeleka nchini India ni kilo 25 za salfeti ya zinki kwa hekta, yaani takriban kilo 10 kwa ekari. Hutandazwa jarubani kabla ya kupandikiza, bila kuchanganywa na fosfeti. Iwapo dalili zimekwisha kujitokeza, kilo 5 za salfeti hiyo na kilo 2.5 za chokaa iliyozimwa huyeyushwa katika lita 1,000 za maji na kunyunyiziwa hekta moja. Chokaa huzuia majani yasiungue.

Hata hivyo, zinki haichukui nafasi ya mfereji. Jaruba lililoachwa likauke baada ya mavuno hupata hewa tena, na sehemu ya zinki iliyofungika huachiliwa.

Tahadhari moja ni muhimu. Rangi ya kutu huletwa pia na madini ya chuma yaliyozidi, hasa katika mabonde yenye udongo wa tindikali, yakiwamo ya Burundi na Afrika Magharibi. Huko tiba ni nyingine: kutoa maji kwa vipindi, kuweka chokaa na mbolea ya potasi. Kupima udongo ndiyo njia ya uhakika. Asiye na maabara karibu huweza kunyunyizia salfeti ya zinki kipande kidogo tu cha jaruba. Majani mapya yakichipua ya kijani hapo na kwingineko yakabaki yamefifia, chanzo kimejulikana.