Kuanika Korosho Mpapura

Mkorosho si mti wa asili ya nchi hii. Wareno waliuleta pwani yetu kutoka Brazili katika karne ya 16. Huku Mpapura korosho huanguka tangu Oktoba, na kabla mavuno hayajaisha, mvua za Desemba zimekwisha kufika. Ndipo taabu huanza. Korosho zenye maji zikitiwa ghalani huota ukungu, kiini kikaharibika. Kwa hiyo mkulima huzitenga na mabibo, huzianika juani siku mbili tatu akizigeuza, na jioni huzifunika zisipate umande. Hata mwaka 2007 stakabadhi ghalani ilipoanza mkoani Mtwara, jambo hili halikubadilika: korosho zisizokauka hushushwa daraja. Basi, ndugu msomaji, haraka ya siku mbili hupoteza jasho la mwaka mzima.