Yai la Longido

Mwaka 1987, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja kutoka Longido aliniletea zawadi ya kuagana: jiwe la kijani lenye mabaka mekundu na madoa meusi, limesuguliwa likawa mfano wa yai. Nilishukuru, nikaligeuza la kukandamizia karatasi. Mwaka uliofuata alitutembelea mgeni kutoka ng'ambo. Kwa kukosa cha kumpa, nikampa jiwe lile.

Wakati huo sikujua historia yake. Mawe ya namna hiyo yaliingia vitabuni mwaka 1954, baada ya Mwingereza Tom Blevins kuyakuta huko Longido, kaskazini ya Arusha. Jina lake, anyolaiti, limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya kijani. Kijani hicho ni zoisaiti, na wekundu ni yakuti. Zoisaiti hiyo hiyo, ikiwa ya buluu, ndiyo tanzanaiti iliyopatikana Merelani mwaka 1967, na kupewa jina na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968. Ndugu wa tumbo moja: mmoja akaenda kuvaliwa pete, mwingine akabaki kuchongwa mayai na sanamu, kwa kuwa yakuti yake kwa kawaida haipitishi nuru.

Kuling'arisha si kazi ndogo. Katika kipimo cha ugumu cha Mjerumani Friedrich Mohs, cha mwaka 1812, yakuti ni 9, na zoisaiti ni kati ya 6 na 7. Msuguaji mwenye haraka hula kijani, akayaacha mabaka mekundu yakiwa vinundu. Basi, ndugu msomaji, ukitaka kulithamini usidanganywe na mng'ao. Fumba macho, upitishe kidole gumba mahali rangi mbili zinapokutana. Kikipita bila kujikwaa, fundi alikuwa na subira. Kisha fumbua macho, uangalie kama wekundu umekolea na kama nyufa hazikuzibwa kwa gundi.

Hayo nilifunzwa na mwanachuo yule yule. Mwaka 1999 alikuja kunijulia hali, naye sasa ni mwalimu mkuu. Baada ya shikamoo na chai, macho yake yalizunguka mezani.

"Mwalimu, lile yai lipo?"

Nikamweleza ukweli. Alinyamaza kidogo.

"Marehemu baba alilisugua kwa mkono," akasema, "kwa msasa na maji, miezi mitatu."

Hakulalamika. Akanieleza habari ya kidole gumba, akamaliza chai yake, akaaga.

Tangu nistaafu nimekusanya mawe kumi na manne ya Longido. Mengine ni mazuri kuliko lile, nadhani. Siwezi kuwa na hakika, kwa sababu lile sikuwahi kulipitishia kidole. Wageni wakija huwaonyesha yote na kuwasimulia habari zake. Kuwapa, la.