Kituo cha taka katika mandhari ya lava (Goma)

Usanifu wa kituo cha taka unaopatana na mandhari ni kazi ya kuchagua mahali, kupanga majengo na kuotesha mimea, ili eneo la kuchambua, kuozesha na kuzika taka lisiharibu sura ya nchi wala afya ya jirani. Mjini Goma, makao makuu ya mkoa wa Kivu Kaskazini, kazi hiyo huongozwa kwanza na mwamba ulio chini ya mji.

Ardhi

Mji wa Goma umejengwa ufukoni mwa Ziwa Kivu, juu ya lava ya Nyiragongo, volkano yenye kimo cha mita 3,470 iliyolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikaacha watu wapatao 120,000 bila makao. Mwamba wake ni mgumu kuchimbika, lakini una nyufa nyingi zinazopitisha maji upesi kuelekea ziwani, ambako wakazi huteka maji yao. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika, vyoo na makaburi vilichimbwa kwa shida kubwa. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu. Kwa hiyo shimo la taka lisilo na sakafu ni hatari hapa, hata likizungukwa na migomba.

Mahali

Kwingineko wasanifu hupenda kuficha kituo bondeni. Goma hairuhusu hilo kirahisi, kwa sababu mabonde yake huweza kukusanya mazuku: hewa nzito ya kaboni dioksidi, isiyoonekana, inayoua watu na mifugo. Mahali pafaapo ni mteremko unaopigwa na upepo, mbali na ziwa na nje ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925.

Muundo

Sakafu huhitaji tabaka la udongo wa mfinyanzi na plastiki nzito, pamoja na mifereji ya kukusanya maji machafu yanayochuruzika kutoka kwenye taka. Majengo huwa mafupi, na paa hufuata mteremko. Kuta za mawe ya lava, ambayo mafundi wa Goma wameyazoea, hulingana na weusi wa ardhi bila kupakwa rangi. Juu ya taka zilizofunikwa hupandwa nyasi na vichaka. Miti mikubwa hubaki pembeni, mizizi yake isije ikatoboa kifuniko.

Lava huvikwa mimea taratibu: kwanza utando wa kijivu, kisha vikangaga, kisha vichaka. Mboji ya taka za jikoni, ikijazwa kati ya mawe, huharakisha safari hiyo.

Mifano ya kanda

Huko Bamburi, Mombasa, René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje katika machimbo ya chokaa yaliyobaki mwamba mtupu. Majongoo yaliletwa kutafuna majani yaliyopukutika hadi yawe mboji, na machimbo yakawa msitu. Kampala ilipata funzo chungu: Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi liliporomoka baada ya mvua na kuua watu zaidi ya 30.

Usimamizi

Mimea huzuia vumbi na kuficha ubaya wa taka, lakini haithibitishi kwamba maji ni salama. Kituo bora hupima maji ya visima na ya ufuo mara kwa mara, na kubandika matokeo hadharani kwa lugha ambayo wakazi wanaisoma.